Mkonga Usiovuta Hewa

Gari ninalolipenda ni lile ambalo likiumwa linasema. Dizeli inakohoa, gia inasaga, beringi inalia kama mtoto aliyenyimwa. Haya magari ya siku hizi yenye kioo katikati kama televisheni ya sebuleni hukaa kimya, halafu siku moja yanawasha taa ya njano na kukuacha juani Rhotia, na fundi anakwambia usubiri kompyuta itoke Arusha. Mimi ni dalali wa magari hapa Karatu, na nimejifunza kwamba kitu kisicholalamika kinaficha bei yake. Kabla sijaliamini gari nahesabu nati za tairi zote, kisha nazunguka nahesabu upya. Watu hucheka. Lakini inayokosekana huwa naikuta kwenye mzunguko wa pili.

Kaka yangu alikuwa dereva wa watalii. Aliendesha mkonga, ndivyo tunavyoliita gari la safari kwa sababu ya lile bomba la kuvuta hewa linalopanda pembeni ya kioo mpaka usawa wa paa. Lake lilikuwa la dizeli, limekatwa chesisi katikati na kuongezwa safu ya viti, na lilinguruma kiasi kwamba mgeni alilazimika kupiga kelele ili aulize jina la ndege. Kaka alisifika kwa ukungu. Asubuhi ambazo mlima umefunikwa kuanzia geti la hifadhi la Lodoare mpaka ukingo wa kreta, madereva wenzake waliegesha wakanywa chai. Yeye alishusha kioo cha upande wake, akatoa kiwiko nje kwenye baridi ile, akapanda.

"Huyu ana macho ya chui," walisema. Yeye alicheka tu, hakukataa.

Bosi wake, mama mwenye magari mengi na kauli moja, akasikia kwamba wageni wa sasa wanataka gari la umeme. Hawataki moshi, hawataki kelele, wanyama wasisumbuliwe. Maoni yangu ni kwamba mtu aliyevuka bahari kwa ndege, kisha akawaonea huruma nyumbu kwa sababu ya moshi wa kaka yangu, ana mzaha. Ila sikuulizwa. Wakaing'oa injini ya mkonga wa kaka, wakaweka mota na betri. Lile bomba wakaliacha palepale kama urembo, halivuti kitu.

Kaka aliagizwa alipandishe mpaka ukingoni likiwa tupu, alizoee kabla ya kukabidhiwa wageni. Akaniomba nimsindikize. Nilikwenda kwa furaha ya mtu anayetaka kupata cha kulaumu, na nikiri kwamba sikukipata: mlima wa kutoka getini lilipanda kama linateremka. Kisha ukungu ukatumeza.

Kaka akashusha kioo, akainamisha kichwa nje. Hapakuwa na sauti ila kokoto chini ya tairi. Akapunguza mwendo. Akapiga honi, akasikiliza, akapiga tena.

"Unamwita nani?" nikamuuliza.

"Nyamaza, dogo."

Dirishani kwangu niliona majani, halafu nikaona weupe mtupu. "Kaka, kushoto! Kushoto kumeisha!"

Akakanyaga breki. Nilirukia viti vya nyuma nikashukia mlango ulio nyuma yake, maana wangu ulifungukia hewani. Tairi la mbele kushoto lilikuwa nusu barabarani, nusu kwenye korongo. Kaka hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili kama bado anaendesha.

"Hukuona?"

"Pembeni sioni siku nyingi," alisema. "Ni presha ya macho. Naona mbele kidogo, kama ninachungulia kwenye bomba. Daktari kasema kilichopotea hakirudi."

"Sasa ulikuwa unapanda vipi?"

"Kwa injini. Upande wa mlima sauti inagonga udongo inarudi. Upande wa korongo inakwenda moja kwa moja. Ikirudi sana, najua nimeubana mlima. Ikififia, najua nimesogea korongoni. Kwenye ukungu wote tulikuwa vipofu, mimi tu ndiye niliyekuwa nimezoea." Akagonga dashibodi kwa kidole. "Hili haliniambii kitu."

"Na wageni je?"

"Si nilikuwa nawarudisha?"

Nilishika usukani, nikarudisha gari nyuma kidogo kidogo, mlango wa dereva ukiwa wazi, nikageuza, nikaliteremsha mpaka Karatu. Kaka alikaa kiti cha abiria.

Kesho yake nikaenda uani kwa bosi. Macho sikuyataja. Biashara haianzi kwa kasoro.

"Mama, kaka yangu hawezi haya mambo ya betri. Mrudishie dizeli yake, msimu mmoja tu."

"Msimu mmoja halafu?"

"Basi nusu msimu."

"Baba, unapunguza bei ya kitu ambacho sina. Injini ile nimeiuza, inavuta maji ya vitunguu Mang'ola. Wewe ndiye dalali, hukusikia?"

Sikusikia. Nilirudi nikamweleza kaka. Akanitazama, au akatazama pale sauti yangu ilipokuwa.

"Hata ungeipata nisingepanda," alisema. "Jana nilijiambia mlima uko kushoto, niubane. Nikakosea upande. Na aliyekaa kule ni wewe."

Akauchukua ufunguo wa mkonga, akaenda kuurudisha mwenyewe kwa miguu, akipitisha mkono kwenye kuta za maduka. Leseni yake ipo kabatini. Mkonga ule unapanda mlimani na dereva mwingine, kimya, na wageni wanausifu.

Ombi lake lilikuwa moja tu. Nikamshusha Mang'ola kwa kigari changu, tukaisikiliza pampu kwa pampu mpaka akanishika mkono: "Ile." Ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya vyuma kando ya mfereji, imepakwa matope, inanguruma kuwapa vitunguu maji. Kaka alisimama karibu nayo mpaka mwenye shamba akatufuata.

"Kama mnaitaka, tuongee," alipaza sauti. Mimi na domo langu lote sikutaja bei.

"Nozeli moja imechoka," kaka akamwambia. "Izime uisikilize ikizimika, itatikisika."

Akaizima. Ikatikisika, ikanyamaza. Mwenye shamba akatikisa kichwa kwa mshangao, akaenda kutafuta spana. Kaka alibaki palepale kwenye utulivu ule, mfereji mbele yake hatua chache, hageuki kulia wala kushoto, akisubiri. Nikamfuata, nikamshika kwenye mkono wa shati.

"Gari liko wapi?" akauliza.