Trekta Ndogo ya Jumamosi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya trekta za miwa kule Muhoroni, nilivunja kitu. Msimamizi, tuliyemwita Fundi Mkuu, alinipa injini iliyokwama, yaani pistoni imeshikana na silinda kwa kutu. Nilichukua nyundo. Pigo la tatu, pistoni ikapasuka.

Nilijua nimefutwa. Fundi Mkuu akavuta debe, akaketi karibu nami.

"Ouma, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Hakuna mahali, Mzee."

"Basi kesho unaanza tena na injini nyingine. Mwagia dizeli, uiache ilowe. Ukiona hasira inakuja, enda ukanywe chai."

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na sikumbuki akipaza sauti hata siku moja.

Baadaye nilihamishiwa Kisumu, kwenye ofisi zenye uwanja mpana wa nyasi. Nyuma ya stoo nilikuta trekta ndogo ya bustani, ya zamani sana, ile ya kukata nyasi na kulima vitalu. Kuku alikuwa ametaga chini ya boneti.

"Hiyo ni skrapu," Meneja wa pale aliniambia.

"Naomba niijaribu Jumamosi, bwana. Ni kujifurahisha tu."

Akacheka, akakubali.

Injini yake nayo ilikuwa imekwama. Niliilowesha wiki tatu kabla ya kuigusa. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, niliisafisha matundu yake kwa uzi wa waya. Mkanda wa kuzungushia mashine sikuupata popote, mpaka mwenye kinu cha kusaga posho akanipa wake wa zamani, nao ukaenea. Ilinichukua zaidi ya mwaka.

Ilipowaka, moshi ulijaa uwanja mzima. Meneja alitoka mbio, tai yake shingoni, nikadhani anakuja kunigombeza. "Ouma, shuka!" akasema. Akapanda yeye, akazunguka mlingoti wa bendera mara mbili, anacheka kama mtoto.

Nilipostaafu, wenzangu waliotangulia walikuwa wamepewa saa za ukutani. Mimi nilipewa na Meneja ile trekta.

Wakati huo mke wangu, Mama Achieng', alikuwa ameacha kulima. Magoti yalikuwa yamemshinda, na shamba lake la sukuma wiki lilikuwa limemezwa na magugu. Hakulalamika, ila alikuwa hataki tena hata kuliangalia. Nikachomelea jembe dogo nyuma ya trekta, nikamwita.

"Mimi? Niendeshe hiyo?"

"Kanyaga klachi hapa. Polepole."

Mstari wa kwanza ulienda upande kabisa. Wa pili ukanyooka. Wa tatu alinipigia kelele, "Toka mbele, Baba Achieng', nitakugonga!"

Siku hizi watu huniletea mashine zao kuukuu hata kutoka Bondo, nami nazipokea kwa moyo wote. Nawashukuru wakubwa wangu wawili: mmoja hakunifukuza, mwingine hakunikataza. Lakini Jumamosi sipokei mashine ya mtu. Siku hiyo Mama Achieng' analima, na mimi nafuata nyuma nikiokota magugu.