Zizi la Baba Masanja na zukini zangu

Jamani, zukini zangu zote zimeungua kwa baridi leo, na aliyeziunguza ni mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita umande ulipoganda huku Mollo, bustani za wenzangu ziliisha. Zangu zikabaki kijani. Nikajisifu hapahapa kwamba mkono wangu una baraka. Mkanipongeza, msijifanye mmesahau.

Basi jana nikamfuata jirani yangu Baba Masanja, mfugaji wa Kisukuma. Zizi lake lilikuwa limegusana na bustani yangu, upande wa mlimani. Nikamwambia nimechoka na harufu ya mavi.

Hakubisha. Jioni akahamisha ng'ombe wote, na ule ua mrefu wa miiba akaubomoa.

Asubuhi hii majani ni meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa.

Baba Masanja akapita. Nikamwamkia. Akasimama, akatazama.

"Marahaba, mwanangu. Lile zizi lilikuwa linakukingia baridi inayoshuka mlimani. Nilidhani unajua."

Akaenda zake, bila hata kucheka. Afadhali angecheka!

Mbegu za kupanda upya ninazo. Sasa niambieni, ndugu zangu: unaanzaje kumwomba mtu akurudishie harufu uliyoifukuza mwenyewe?