Vidonge Nilivyomeza Bila Kuumwa

Nauza vipuri vya pikipiki mjini Same. Mke wangu ni mwalimu huko mlimani, Suji, kijijini kwao, na kila Jumamosi napanda kwake. Sikuwa na tatizo lolote la mwili. Nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi.

Wanaume wanaopenda kupiga soga pale dukani walikuwa wakijisifia vidonge vya nguvu. Siku moja rafiki yangu alinipa viwili, amevifunga kwenye kipande cha gazeti.

"Mimi siumwi," nikamwambia.

"Nani kasema unaumwa? Hivi ni vya kuongeza heshima nyumbani."

Nilicheka, nikavitia mfukoni. Jumamosi ile nikavimeza vyote wakati nasubiri gari la Suji.

Kwenye kona za juu uso ulianza kuwaka na kichwa kikawa kinagonga. Nilipofika, mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage ya makande. Nikainama kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

Marahaba yake sikuisikia. Nilizinduka nimelala chini, kichwa kwenye mapaja yake, moyo unakwenda mbio na kifua kimebana.

Jirani alitushusha hospitali kwa gari lake. Mama mkwe alikataa kubaki nyumbani. Njia nzima alinipepea kwa upindo wa kanga yake, akisali kwa Chasu, lugha ya kwao, na mke wangu amenishika mkono. Nilitamani gari lipotee njia.

Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri. "Umemeza dawa yoyote leo?"

Nikamtazama mama mkwe, aliyesimama miguuni pangu. "Hapana."

"Hata ya kienyeji?"

"Hapana, daktari."

Akamwagiza muuguzi dawa ya kifua, ya kuweka chini ya ulimi. Kisha akanisogelea. "Nakuuliza tena, maana hii dawa haipatani na vidonge vya nguvu za kiume. Vikikutana, presha inaanguka na mtu anaweza kufa. Umemeza?"

Muuguzi alikuwa ameshaileta.

"Nimemeza," nikasema. "Viwili."

Mama mkwe akajifunga kanga upya. "Ngoja nikatafute maji ya kunywa," akasema, akatoka.

Daktari akairudisha ile dawa. "Una tatizo la nguvu?"

"Sina."

"Sasa ulikuwa unatibu nini?"

Mke wangu aliuachia mkono wangu. "Mimi nilikulalamikia lini?" akauliza, polepole, kama anayetaka kujua kweli.

Walinilaza, wakanipima moyo, wakaukuta mzima. Daktari alinieleza kwamba vidonge vile huandikiwa mtu baada ya kupimwa, na kwamba vya kupeana mitaani hakuna ajuaye vina nini ndani. Kwa mtu asiyeumwa kama mimi, alisema, nilichojiongezea ni hatari tu.

Mke wangu alichukua muda kunizoea tena. Alidhani nina mwanamke mwingine mjini. Kumweleza kwamba nilitaka tu anisifu kulinitesa kuliko kukiri mbele ya daktari.

Mama mkwe hajawahi kuligusa jambo lile. Lakini ndugu wa mke wangu walipokuja kunijulia hali, nilimsikia akiwaambia, "Alipanda mlima na njaa, masikini." Mama yule ni mzee wa kanisa, hana tabia ya kudanganya. Mpaka leo, nikifika, ananijazia sahani mbele yao, nami nakula yote bila kuinua uso.