Kishona Nguo Mgongoni

Juzi nimerudi kusenya kuni, safari ya hatua mia tatu hivi, usinicheke, nikakuta gauni limejaa kishona nguo. Mbegu za mbele nikabandua. Za mgongoni zikanishinda. Ningeweza kuvua, akili hiyo ninayo, lakini nilikaa kizingitini nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Unazijua zile mbegu nyeusi, nyembamba kama sindano, zenye vijino nchani. Utotoni mwangu hapa Kibingo, bibi hakuruhusu hata moja iingie kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Tukitoka mtoni tulisimama ukingoni, tukageuziana migongo. “Mgongo wako ni shamba la mwenzako,” alisema bibi. “Palilieni!”

Wangu ulipaliliwa na binti wa jirani, ambaye wazazi wake walikuja zamani kutoka Rwanda, ng’ambo ya mto, wakawa vibarua wa kahawa. Wake niliupalilia mimi, na ulikuwa na kazi, maana alizunguka vilima vyote huku mimi nikilinda ndizi za kuchoma jikoni.

“We ni mgomba,” alinitania. “Utazaa hapo hapo, watoto wakuzunguke, mpaka uanguke.”

“Na wewe?”

“Mimi kishona nguo. Akipita mtu, huyo, nimeondoka naye!”

Darasa la tano, mwalimu wa sayansi akatufundisha jinsi mbegu zinavyosafiri: nyingine hupeperushwa na upepo, za mapera hupanda ndege bure, tumboni, na mbono hupasuka juani zikaruka zenyewe. “Na kishona nguo? Nitajieni mnyama anayesambaza mbegu zake.”

Mimi, ambaye mkono wangu haukujua njia ya kwenda juu, siku hiyo nikaunyoosha. Nikamnyooshea kidole rafiki yangu, yule binti wa jirani, sweta lake limejaa mbegu mgongoni. “Huyu hapa, mwalimu!”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka. Tangu hapo wakamwita Mnyama wa Ng’ambo. Hilo la ng’ambo sikulisema mimi, ila mlango niliufungua mimi.

Jioni, ukingoni mwa kibanja, nikasimama kumsubiri. Akanipita.

“Njoo basi nikupalilie.”

“Mnyama hapaliliwi,” akajibu bila kugeuka.

Wiki mbili hazikuisha, familia nyingi za kwao zikaanza kurudi Rwanda, na yao ikiwemo. Bibi akanisukuma: “Nenda ukamuage, wewe!” Nikaenda hadi mgomba wa mwisho, nikajificha nyuma yake. Nikamwona akipanda lori, amenipa mgongo bila kujua. Sweta ni lile lile, mbegu zimejaa toka mabegani hadi kiunoni. Siku zote zile hakumpa mtu mwingine kazi yangu.

Bibi hayupo tena. Kibanja kiligawanywa, na kwenye ule ukingo wetu sasa hupita pikipiki. Zile mbegu nadhani ziliota huko ng’ambo ya mto, zikazaa, zikashika nguo za watu nisiowajua. Mgomba bado upo hapa hapa.

Gauni la juzi nimelitundika msumarini, sijalifua. Dada yangu kaniambia, “Lete nikubandulie, dakika mbili tu.”

Nimemkatalia.