Barua ya Dada Naomi

Harufu ya gundi ya bahasha bado inanichafua roho. Juzi nilikuwa kazini nikifunga barua, ulimi ukaonja ule utamu wake mbaya, nikaiweka mezani bila kuimaliza. Nawasimulia ninyi, maana niliyepaswa kumwambia hayupo tena.

Kwetu ni milimani, mbele ya Malindi ya Lushoto, si ile ya pwani, ambako ukungu uliingia ndani bila kubisha hodi na nguo zilikaukia juu ya meko zikinuka moshi wa mkalitusi. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Aliyenilea ni dada yangu Naomi. Nililala nimeshika pindo la khanga yake ili asinitoroke.

Barua za kijiji kizima zilipitia sanduku la kanisa. Mzee Elia, mhudumu wa kanisa, alizifuata Lushoto kila wiki, mkoba begani. Akifika mlangoni alitangaza, "Serikali imefika," hata kama ameleta kadi ya Krismasi tu.

Alhamisi moja alifika ameloa chapachapa. Naomi alikuwa shambani. Barua yake ilikuwa ya rejista, ya kusainiwa.

"Nikifungua daftari hapa litalowa," alisema. "Dada yako atasaini Jumapili. Umpe mkononi, mwanangu."

"Ndiyo, babu."

Niliifungua kwa mvuke wa birika, nikinuia kuibandika tena kwa mate. Nililamba ile gundi huku nikisoma. Naomi amechaguliwa kusomea uuguzi, mbali sana, aripoti ndani ya wiki mbili. Asipofika, nafasi atapewa mwingine. Nilikuwa darasa la nne, nilielewa kila neno. Nikaitia motoni.

Jumapili hiyo Mzee Elia alikuwa kitandani kwa homa, na alilala karibu mwezi mzima. Naomi alipochoka kungoja majibu ya chuo, alisafiri hadi chuoni kuuliza. Wakamwambia barua ilitumwa na nafasi imekwenda. Alirudi, akajifungia chumbani siku mbili. Baba akaenda polisi.

Saini ya Mzee Elia ilikuwa posta. Ya Naomi haikuwa popote.

"Nilimpa mdogo wake," alisema Mzee Elia, akiwa amesimamishwa uani kwetu.

Askari aliinama mbele yangu, akaniuliza kwa upole, "Huyu babu alikupa barua?"

Baba alikuwa nyuma yangu. Naomi alikuwa mlangoni, macho yamevimba.

"Hapana," nikasema.

Mzee Elia alinitazama, kisha akatazama chini. Alifungwa kwa kosa la kuiba barua. Mimi nilidhani jela ni kama kubakizwa darasani baada ya kengele, mtu unarudi jioni.

Alirudi amekonda. Mkoba ulikuwa na mtu mwingine, na watu walimwitikia salamu bila kusimama. Naomi, niliyemchomea barua ili asiondoke, aliondoka akaolewa kijiji cha Mlalo mwaka uleule. Sasa ana mgongo uliopinda kwa kubeba kabichi, na mpaka leo humsema vibaya Mzee Elia. Sijamwambia.

Mimi nilisoma, nikapata kazi mjini. Mzee Elia alipofariki nilikwenda kwa mjane wake. Nilimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikamweleza yote. Hakuacha kuchambua.

"Alijua," alisema. "Alisema mtoto ameogopa, akikua atasema. Kila akisikia umekuja likizo, alivaa koti lake akakaa nje."

Nililikumbuka lile koti. Nilikuwa nikimkuta barazani amelifunga vifungo vyote, nikadhani mzee anasikia baridi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akinitazama kama mtu anayengoja kuambiwa jambo. Nami nikapita haraka.

Siku ile ya askari nilikuwa mtoto. Likizo zile zote nilikuwa mtu mzima.