Aliyeshuka Mlimani kwa Ajili ya Msiba Wangu

Hapa Toronto kuna mama mmoja, mkazi wa Scarborough, ambaye jumuiya nzima tumemwachia kazi ya kutangaza vifo. Hakuchaguliwa na mkutano wowote. Ana sauti ya kutulia na ana namba za watu wote, basi kazi ikamkalia. Ukiona jina lake kwenye simu saa ambazo watu wako kazini, mkono unakuwa mzito kupokea. Mimi lilinikuta kwenye foleni ya dukani, kikapu kimejaa vitunguu. Akaniuliza kama nimekaa, nikamwambia nimesimama, akasema basi nisogee pembeni kidogo. Hapo nikajua. Yule ndugu yetu mkimbiaji wa Downsview, ambaye wengi wenu mlimjua kwa miguu kabla hamjamjua kwa jina, ametutoka. Saratani iligunduliwa wakati wa baridi, na majira ya joto hayakumkuta. Niliacha vitunguu pale pale nikatoka nje. Nimewaaga wengi katika safu hii, nanyi wasomaji wangu mmezoea kulia nami kidogo kisha tukaendelea na maisha. Safari hii nina majonzi, ndiyo, lakini kinachonilemea zaidi ni hatia, na ni afadhali niseme mapema.

Kwanza niwaeleze alivyokuwa. Yeye alikuwa wa Mbulu, mimi ni wa Kondoa, na ugenini huku umbali wa namna hiyo hauhesabiki, kwa hiyo nikawa dada yake bila kuulizana. Alikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, akapata kazi kwenye ghala la samani pale Downsview, kupakia makochi kwenye malori. Kabla ya zamu alikuwa anakimbia kandokando ya uzio wa uwanja wa ndege wa zamani, iwe mvua, iwe theluji, soksi kazivaa mikononi badala ya glavu. Sasa watu wetu wakimwona mwenzao anakimbia barabarani alfajiri, hawafikirii mazoezi hata kidogo. Wanafikiri kapitwa na basi na atafukuzwa kazi. Gari linasimama, mlango unafunguliwa, ndugu panda, tukufikishe. Na yeye anapanda! Anashukuru, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu vizuri, anashushwa mlangoni pa ghala, anapunga mkono mpaka gari lipotee, kisha anarudi mbio hadi pale alipookotwa ili amalizie mzunguko wake. Nilimwuliza kwa nini asiwaambie tu kwamba anafanya mazoezi. Akasema mtu amesimamisha gari kwa ajili yako kwenye baridi ile, utamwambiaje kwamba humhitaji? Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Hadithi hiyo nimewasimulia watu arusini sijui mara ngapi.

Mwaka mmoja akaacha ghala, akatuaga kwamba anahamia mji mdogo kule magharibi, milimani, safari ya siku kadhaa ndani ya basi. Alisema hewa ya huko ni nyepesi, na mapafu yakishaizoea, ukishuka bondeni unakimbia kama umetuliwa mzigo. Kocha mmoja alikuwa amemwona kwenye mbio za mitaa, akamwita ajiunge na kundi lake. Angeosha vyombo hotelini, angelala chumba kimoja na wakimbiaji wenzake, na vuli ingefika mbio za mchujo. Wanaopita wanaingia kwenye timu yenye wadhamini, wanaobaki wanarudi walikotoka. Mnakumbuka tulivyomsema? Mtu katoka nyumbani kwenye milima akaja mpaka Kanada kutafuta milima mingine. Wengine walisema amechanganyikiwa, wengine wakasema kuna mwanamke. Mimi nilimfungia maandazi ya njiani, na maneno yangu nikayasema alipokwisha kuondoka.

Vuli hiyo hiyo mama yangu alifariki Kondoa. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa hayajakamilika, nikitoka nisingeweza kurudi, kwa hiyo mama akazikwa bila mimi, nami nikaketi matanga kwenye sebule yangu ya Malvern, ghorofa ya kumi na moja. Waliowahi kufiwa ugenini wanajua. Msiba uko mbali, lakini watu ndio wanaokuthibitishia kwamba ni wa kweli. Mama wa simu akapiga simu zake. Wakaja Watanzania wa kila dini, wakaja kina mama wa Kikongo na nyimbo zao wakashika jiko kama la kwao, mazulia yakajaa viatu mpaka kwenye lifti. Na siku ya nne au ya tano mlango ukafunguliwa, akaingia yeye, kakondeana, begi mgongoni, miguu imevimba kwa kukaa ndani ya basi. Mama yangu alikuwa amenitembelea kiangazi kimoja, na kila Jumapili alimsongea ugali wa mtama akimwita mwanangu. Mdogo wangu huyo alilala kwenye zulia la korido. Alibeba viti, akachochea sufuria la pilau, akawapeleka wageni stesheni kwa gari langu, akabaki mpaka tukasoma hitma na kuanua matanga. Alfajiri nilikuwa namwona kutoka dirishani akizunguka maegesho ya magari kwa mbio, peke yake. Nami nilivimba kichwa, jamani. Kila aliyeingia nilimwambia, mwaona, hata aliyeko milimani kashuka kwa ajili ya mama yangu. Ilinipa hadhi. Alipoondoka nilimshukuru sana, nikamfungia tena maandazi. Haikunijia hata mara moja kumwuliza ameacha nini huko alikotoka.

Kabla ya theluji ya kwanza akarudi Toronto moja kwa moja, akarudi na kwenye ghala. Tulisema, si tulijua? Miaka ikapita, akaoa, akaanza kuwafundisha mbio watoto wa Malvern kwenye uwanja wa shule siku za Jumamosi. Kati yao akatokea binti mmoja, wazazi wake ni watu wa Uvira, ambaye alikuwa anakimbia bila kusikika hatua zake. Kocha wa kule kule milimani akampa nafasi. Wazazi wakakataa, na mdogo wangu akaja kuniomba nimsindikize kuwasihi, maana mnajua mdomo wangu. Tuliketi kwao tukinywa chai. Baba wa binti, mtu wa zamu za kiwandani asiyependa kuzungushwa, akamwuliza, kama huko ni kuzuri, yeye mwenyewe kwa nini alirudi. Akajibu taratibu, akiangalia kikombe, kwamba alishuka msibani, na mbio za mchujo zikampita, na nafasi akapewa mwingine. Hakunitazama. Nikaanza kukumbuka vuli ile, na basi, na maegesho ya magari, nikakiweka kikombe mezani. Wazazi walikubali siku hiyo. Mimi sikusema hata neno moja lililowashawishi.

Tulipofika nje nilimshika mkono. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, dada, ungenirudisha," akasema. "Na mimi nilitaka kuja."

Akabadilisha mazungumzo, akaanza kusifia magoti ya yule binti. Sasa nawaomba mshike maneno yake hayo, kwa sababu mimi niliyasikia yote na nikashika nusu tu. Nilishika kwamba nilikuwa nimemgharimu. Kwamba alitaka kuja, kwamba alipima mambo yake mawili akachagua moja kwa akili zake timamu, hilo lilinipita. Tangu siku ile nikawa mkali juu ya desturi yetu ya kuhesabu nani kaja msibani na nani hakuja. Mlinisoma humu nikiikemea, na wengine mlininunia. Sisemi nilikosea yote. Tunawatoa watu kazini, darasani, vitandani, halafu tunawapima upendo kwa viatu vilivyoko mlangoni. Ila nilikuwa naandika nikiwa na jeraha, na mtu mwenye jeraha huona kila mahali panapomuuma yeye.

Basi siku ile ya vitunguu, mama wa simu aliniambia pia kwamba binti wa Uvira yuko milimani, ana mchujo wake Jumamosi, na maziko ni Ijumaa. Lazima aje, akasema, marehemu ndiye aliyemlea kwenye mbio, itakuwa aibu asipoonekana. Nikamwambia aniachie mimi. Nilikaa kwenye gari nikampigia. Nilimpa habari ya kifo, nikamsikia pumzi inamkata, na kabla hajaivuta tena nikamwambia, "Usije. Kimbia." Aliniuliza kwa Kiingereza, kama watoto wetu wanavyojibu siku zote, kama nina hakika. Nikasema nina hakika, nikasema ndivyo mwalimu wake angetaka. Nilimjibia marehemu ambaye hata kuoshwa alikuwa bado. Nilipokata simu nilijisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu ile chai. Nikaona nimemrudishia mdogo wangu mbio zake.

Alikimbia, na alipita. Yuko kwenye timu. Aliwasili wiki iliyofuata, kaburi limekwisha kufunikwa, wageni wametawanyika, akaja kwangu moja kwa moja. Nilikuwa nimejiandaa kumpongeza, nimepika. Hakugusa chakula. Aliketi koridoni, juu ya zulia, na sikuwa nimewahi kumweleza mtu nani aliwahi kulala pale. Akasema kwamba walipokuwa wanakimbia hakujua kama anakwenda mbele au anamkimbia mwalimu wake. Haya aliyasema kwa Kiingereza. Kisha akanitazama, akasema kwa Kiswahili cha mama yake, taratibu, kama anayepanga vyombo visivunjike:

"Anti, hukuniuliza."

 Nimeishi miaka nikilalamika kwamba hakuna aliyemwuliza mdogo wangu ameacha nini, na siku niliyopewa simu mkononi, sikumwuliza binti anataka nini.

Kwa hiyo ninyi mliomnyooshea kidole mtoto wa watu pale makaburini, mkasema watoto wa huku hawana shukrani, kishusheni. Mimi ndiye niliyemzuia. Na mkipewa kazi ya kumpigia mtu aliye mbali, aliye katikati ya jambo lake kubwa, mwambieni msiba, mwambieni na siku ya maziko, mwambieni kwamba akija mtampokea na akibaki hamtamsema. Halafu mnyamaze mpaka ajibu mwenyewe. Najua ni kazi ngumu, kwangu kuliko kwa wengi wenu. Nilipenda sana kuwacheka wale waliomsimamishia gari mkimbiaji wetu barabarani, wakampakia kwa huruma zao, wakamshusha walikodhani anakwenda. Mimi nimefanya vile vile kwa mwanafunzi wake. Tofauti ni kwamba marehemu aliweza kurudi mbio hadi pale alipookotwa, akamaliza mzunguko wake. Binti huyu mimi nilimshusha upande wa pili wa maziko, na kutoka huko hakuna mbio za kumrudisha.