Konokono wa Mto Mwera na Eda ya Bi Mize

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, kapu la perege lilipomwagwa mchangani mbele ya macho yangu, na hata leo nikisimulia damu hunichemka. Mimi ni mtoto wa Kikwajuni, lakini miaka ile ya hamsini niliolewa shamba, karibu na Mto Mwera. Huko wanawake tulikuwa tukitanda samaki kwa kanga kuukuu, wawili wawili, maji yakitufika magotini. Mwenzangu wa kutanda alikuwa Bi Mize, mjane mwenye watoto wadogo, aliyeishi kwa kuuza perege wa kukaanga.

Alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda. Kwa desturi ya kijiji kile, mjane akimaliza eda huogeshwa mtoni, naye akaogeshwa pale chini, karibu na daraja. Haukupita muda, perege wakaanza kuonekana na vivimbe vya manjano chini ya ngozi. Ukitumbua kimoja, hutoka mnyoo unajinyonganyonga. Basi! Maneno yakaenea kijiji kizima: Bi Mize kauacha mkosi wake mtoni. Sheha wetu hakuuliza, hakutazama. Alimwaga kapu lake mbele za watu na kumpiga marufuku asikanyage mtoni. Wanawe wakala nini? Hilo halikumhusu mtu.

Mimi nilijua jambo moja ambalo kila anayetanda angelijua, lau angetaka. Perege wa darajani walikuwa safi. Wenye minyoo walitoka dimbwi la juu, maji yaliposimama chini ya majani ya toro, yale mapana yanayoelea, yaliyojaa konokono. Mkosi gani huo, mwanangu, unaopanda mto na kuwaruka samaki walio karibu?

Nikakumbuka bwana afya aliyewahi kuja kutuonya juu ya kichocho. Alimtia konokono katika gilasi ya maji, akaiweka juani, akatuonyesha vidudu vidogo kama vumbi vikimtoka na kuogelea. Hivyo ndivyo vinavyomwingia mtu, alisema. Nikajiuliza, je, hakuna na vingine vinavyomwingia samaki? Kuuliza si ujinga. Nikatafuta vyungu viwili, nikatia vitoto vya perege wa darajani katika kila kimoja. Chungu cha kwanza nikawachanganya na konokono wa dimbwini, cha pili nikawaacha peke yao.

Mama mkwe wangu, Bi Mosi, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mkaza mwanangu, nshakuona ukifuga kuku. Sasa unafuga konokono?"

Mwezi haukwisha, perege waliokaa na konokono wakaota vivimbe. Wenzao wa chungu cha pili walikuwa safi kabisa. Nikabeba vyungu vyangu mpaka barazani kwa sheha, wanaume wamejaa.

"Shikamoo, sheha."

"Marahaba. Nani kakwita hapa?"

"Hakunita mtu. Nnataka uniambie, Bi Mize kaingia lini katika chungu hiki?"

Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani. Sheha akainama, akatazama chungu hiki, akatazama kile, akatumbua kivimbe kwa ukucha wake mwenyewe. Mwisho akanung'unika kwamba Bi Mize anaweza kurudi mtoni.

Nyumbani Bi Mosi alinikemea. "Ulosema ni kweli, lakini umewapigia kelele wanaume wazima. Kweli nayo ina adabu yake." Nilimpenda Bi Mosi, Mungu amrehemu, na mengi aliyonifunza nayashika. Hilo sikulimeza, wala sitalimeza. Adabu ilikuwa wapi samaki wa mjane walipomwagwa mchangani?

Hakuna hata mmoja aliyemwomba Bi Mize radhi. Walirudi tu kununua, kama kwamba hapakutokea kitu. Sheha naye akaja, macho yake kwenye kapu, hamtazami mwenyewe.

"Nipe perege wa thumni, Bi Mize."

Kapu lilikuwa limejaa pomoni. Bi Mize akalifunika kwa kawa, taratibu.

"Samaki wamekwisha, sheha."

Mwanangu, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Likitokea baya, usikimbilie kutafuta mtu wa kumbebesha, hasa yule asiye na wa kumtetea. Nenda mtoni kwanza. Geuza majani, tazama kilichojishika chini yake. Ukishaijua kweli, iseme hata kama baraza imejaa wakubwa. Na ukikosea, omba radhi kwa mdomo ule ule uliosingizia, kwa maana kununua samaki si kuomba radhi.

Mungu akupe macho yatakayoutangulia ulimi wako. Na siku utakayosingiziwa wewe, akujaalie japo mtu mmoja wa kukubebea vyungu viwili mpaka barazani. Amin.